Tangazo la Chumba cha Mama Ema

Wenzangu mliobaki kwenye meza ya matangazo madogo ya gazeti,

Siku ya chai ya kuniaga mliniomba niandike kurasa chache kuhusu kazi hii, nami nikaahidi kwamba nitaandika nikishapumzika. Nimepumzika siku kumi na moja, zimenitosha. Kuhusu vyeo sitasema lolote, kwa kuwa meza yetu ilikuwa na vyeo viwili tu na cha juu kilikuwa cha Mama Zuhura hadi alipostaafu. Kuhusu mshahara mnajua wenyewe. Nitaandika juu ya vyumba, kwa sababu sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia nikisimama ndani ya vyumba vitupu vya watu wengine.

Nilifika Babati nikiwa na shahada ya uzamili ya jiografia. Miezi mitatu kabla ya hapo nilikuwa nimesimama mbele ya jopo la watahini kutetea andiko langu la uzamivu kuhusu ramani za makazi. Mtahini mmoja, mama mpole mwenye miwani, aliniuliza swali ambalo hata halikuwa gumu: ramani zangu zingemsaidia mtu gani kufika wapi? Nilifunua kurasa za andiko kutoka mwanzo hadi mwisho nikilitafuta jibu, mpaka akainuka mwenyewe kuniletea maji. Andiko lilikataliwa. Tangu siku hiyo sikuweza kuandika hata anwani juu ya bahasha bila kuisoma mara nne. Dada yangu, aliyekuwa ameolewa hapa mjini, aliniita nije kutulia kwa wiki mbili. Wiki ya pili akasikia kwamba gazeti linatafuta mtu mwenye mwandiko unaosomeka.

Mama Zuhura alinipokea bila kuinuka kitini. Babu yake alikuja kutoka Pangani akafungua duka la vitambaa karibu na soko, na yeye alirithi kutoka dukani namna ya kumtazama mtu kana kwamba anampima mita mbili na nusu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umesoma mpaka wapi?"

"Uzamili, mama."

"Ndipo inapoishia?"

"Kuna mbele yake kidogo."

"Basi kaa. Hapa tunaandika maneno ishirini. Ukiweza kusema ukweli ndani ya maneno ishirini nitakuita msomi."

Alianza kuniita Msomi siku ileile. Kwa mwaka mzima ilikuwa dhihaka. Baadaye likawa jina, na mpaka leo kuna watu sokoni wasiojua kwamba nina lingine.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuwa na tabia yake. Tulikuwa na mashine ya taipu ambayo herufi yake ya M ilizama chini ya mstari, hivyo kila neno "chumba" lilionekana limeinama kidogo katikati. Tulikuwa na mkasi, rula ya chuma, na gundi katika kopo la kahawa. Tangazo lilichapwa, likakatwa kuwa ukanda mwembamba, likabandikwa kwenye karatasi kubwa, na karatasi hiyo ikapelekwa Arusha kwa basi la asubuhi. Ijumaa gazeti lilirudi. Kati ya ukanda na Ijumaa hapakuwa na nafasi ya kusahihisha kitu. Ninyi mnaofuta na kuandika upya kwa kidole hamtaelewa jinsi jambo hilo lilivyomfanya mtu wa aina yangu asile chakula cha mchana.

Kifaa cha tano kilikuwa baiskeli. Mama Zuhura alikuwa na sheria moja: chumba hakiingii gazetini mpaka mmoja wetu amesimama ndani yake. Mara ya kwanza alinipeleka mwenyewe, kwenye nyumba moja ya Sigino.

"Ingia. Funga mlango. Nyamaza," aliniambia. "Sasa sikiliza. Unasikia nini?"

"Mashine ya kusaga, mama."

"Iandike. Vuta hewa. Unanusa nini?"

"Popo."

"Iandike pia. Mwenye nyumba atanuna leo, lakini mpangaji akihama baada ya wiki atakuja kutununia sisi."

Kwa njia hiyo nilijifunza lugha ya kazi. Mwenye nyumba akisema chumba ni "kikubwa", tazama kama kina dirisha. Akisema kiko "karibu na barabara", pitisha kidole juu ya meza. Akitaka mpangaji "mstaarabu", keti chini, omba maji ya kunywa, usikilize habari za mpangaji aliyepita, kwa maana ni ndefu. Nilipenda kazi hii mapema kuliko nilivyotarajia. Chumba kitupu hakimuulizi mtu maswali. Nilikipima, nikakiandika, na kila Ijumaa mtu fulani alipata mahali pa kuweka godoro lake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mwezi uliopita mlinionyesha fomu mpya, nikaona mmeufuta mstari wa tatu, ule unaouliza "Anajulikana mtaani kwa jina gani?" Mlisema haufai katika fomu rasmi. Hoja yenu ninaielewa kuliko mnavyodhani, kwa kuwa mwanzoni ilikuwa hoja yangu. Mstari ule niliuongeza mimi mwenyewe, na sababu yake ni hii.

Katika mwaka wangu wa pili Mama Zuhura alifiwa na shangazi yake Kondoa, akaondoka kwa wiki tatu. Niliachiwa meza. Kwa muda mrefu nilikuwa nikikerwa na namna tulivyoandika matangazo: "Chumba Nakwa, ulizia kwa Mama Safina." "Chumba na sebule, Mutuka, kwa Baba Yohana mwenye trekta." Mimi mwanajiografia nilijiuliza: je, kama kuna Baba Yohana wawili? Na mwaka atakapouza trekta? Nikaamua kwamba Mama Zuhura atakaporudi atakuta mfumo. Kila tangazo litakuwa na jina kamili la mwenye nyumba kama lilivyo kwenye nyaraka, na umbali kutoka alama ya kudumu.

Mtu wa kwanza kuingia katika mfumo wangu alikuwa Mama Ema. Alikuja Jumatatu asubuhi, mzee mwembamba aliyezaliwa huko juu Mbulu na kuolewa Nakwa, amejifunga shuka juu ya gauni na kiwiko chake cha kushoto kimefungwa bandeji. Alisimama mbele ya meza mpaka nilipomwomba mara ya pili aketi.

"Nataka mtu," alisema.

"Mtu gani, mama?"

"Wa kukaa chumba. Mimi naanguka, mwanangu. Nimeanguka njia ya kisimani, nimekaa chini mpaka jirani amepita na ng'ombe. Ema, kijana wangu, amesikia. Ema amesema, 'Mama, kama hakuna mtu anakaa na wewe hapo nyumbani, nakuja Jumamosi baada ya mwisho wa mwezi, nafunga nyumba, tunaenda Dodoma.'"

"Na wewe hutaki kwenda Dodoma."

"Ema ni mtoto mzuri. Kwake kuna kitanda, kuna televisheni. Watu wa kusalimiana nao hakuna. Nimekaa kule wiki mbili, nimesalimia ukuta." Akavuta shuka lake. "Baba yake Ema amezikwa pale nyuma ya mgomba. Nikifunga nyumba, nani anafagia pale?"

Zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku tano kabla ya Jumamosi hiyo. Nilimhakikishia kwamba magazeti matatu yatatoka kabla yake na kwamba yanatosha. Kisha nikafungua fomu.

"Jina?"

"Mama Ema."

"Jina kamili, mama."

Alinitazama kama mtu aliyeombwa avue viatu. "La hospitali?"

"Lililo kwenye kadi yako."

"Paskalina Tluway," alisema kwa sauti ndogo, na mimi nikaliandika kwa furaha ya mtu aliyepangusa kioo.

Nilikwenda Nakwa kwa baiskeli, nikasimama ndani ya chumba, nikafunga mlango. Kilikuwa chumba kizuri: sakafu ya saruji, matofali ya kuchoma, dirisha la mashariki, na nje kuku waliokuwa wakizungumza bila haraka. Nilihesabu hatua kutoka kisimani. Nilihesabu hatua hadi banda la nguruwe, kwa kuwa ukweli ni ukweli. Jioni niliandika tangazo, nikalisoma mara nne, nikalibandika. Ninalikumbuka lote, ingawa lilivuka maneno ishirini:

"CHUMBA, NAKWA. Mita tatu kwa tatu na nusu, saruji, dirisha la mashariki. Mita 140 kusini-mashariki mwa kisima cha umma. Nguruwe mmoja, hatua kumi na tisa kutoka mlangoni. Mwenye nyumba: Bi. Paskalina Tluway."

Ijumaa ya kwanza lilitoka. Jumanne Mama Ema alipita ofisini akitoka sokoni, akauliza kama kuna mtu. Nikamwambia asubiri. Ijumaa ya pili likatoka tena. Jumatatu akapita tena, safari hii hakuuliza. Alisimama mlangoni, akaniona nikitikisa kichwa, akasema, "Haya, asante mwanangu," akaenda. Nilikaa nikilisoma tangazo upya. Nilishuku vipimo. Nilishuku neno "kusini-mashariki". Nilifikia hatua ya kurudi Nakwa na kamba nikapima mita mia na arobaini kwa mara ya pili, na zilikuwa mia na arobaini.

Mama Zuhura alirudi Alhamisi, siku mbili kabla ya Jumamosi ya Ema. Hajavua hata mtandio wa safari, mlangoni akaingia msichana mwenye gazeti letu limekunjwa kwapani. Alikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, ametoka kwao Kondoa, jina lake Rehema, na kwa wiki mbili alikuwa akilala sebuleni kwa mwalimu mkuu pamoja na watoto wanne wa mwalimu mkuu.

"Shikamooni. Samahani," alisema, ingawa sauti yake haikuwa ya samahani. "Ninyi mnatangaza nyumba za watu waliosafiri?"

"Marahaba, mwanangu. Nani amesafiri?" aliuliza Mama Zuhura.

"Huyu Bi. Paskalina. Nimekwenda Nakwa mara mbili. Dukani pale wananiambia hawamjui. Nimehesabu hizo mita zenu mpaka nikafika kwenye nyumba yenye mgomba, nikamkuta bibi mmoja anafagia. Namuuliza, 'Bi. Paskalina Tluway yupo?' Ananitazama juu mpaka chini, anasema, 'Paskalina amesafiri.' Narudi Jumapili, yuleyule ananiambia, 'Bado hajarudi.' Sasa kama mtu hayupo, nani amewaambia mtangaze chumba chake?"

Mama Zuhura alinigeukia. "Msomi, nisomee hilo tangazo."

Nikalisoma.

"Paskalina ni nani?"

"Mama Ema."

"Mama Ema wa Nakwa? Ninayenunua mayai kwake?" Aliinamisha kichwa, na kwa sekunde kadhaa sikujua kama analia au anacheka. "Na wewe, Msomi, umepanga kwa nani?"

"Kwa Baba Gidioni."

"Jina lake kamili?"

Nilikuwa nimeishi katika nyumba ya mtu yule miezi kumi na minne, nimekula ugali wake, nimembebea mtoto wake hospitalini.

"Sijui," nilisema, nikamweleza na habari ya Ema na Jumamosi yake.

"Basi chukua baiskeli. Gazeti lingine linatoka kesho, lakini karatasi yake imeshakwenda Arusha jana, na Ema anakuja keshokutwa. Mpeleke mwalimu sasa hivi."

Baiskeli niliisukuma tu, kwa sababu Rehema alikataa kupakiwa. Pale dukani karibu na kisima nilisimama kumuuliza muuzaji, kijana aliyekuwa ameegemea kaunta.

"Mambo, kaka. Mbona ulimwambia dada huyu kwamba mama wa nyumba ile pale humjui?"

"Nyumba ipi?"

"Ile yenye mgomba."

"Aa, kwa Mama Ema! Sasa si angesema?" Akamgeukia Rehema. "Dada, wewe uliniuliza Paskalina. Mimi nikadhani ni mtu wa benki."

Mama Ema alikuwa uani akifagia, na kiwiko chake hakikuwa na bandeji tena. Alipomwona Rehema akaurudisha ufagio nyuma yake kama aliyekamatwa nao.

"Ni wewe bibi!" alisema Rehema. "Si ndiwe uliyeniambia Paskalina amesafiri?"

"Nimesema hivyo."

"Kumbe Paskalina ni wewe mwenyewe!"

"Mtoto wangu, jina lile naitwa na watu wa hospitali, na mahakama mara moja, kesi ya mpaka wa shamba. Mtu akija nyumbani anataka Paskalina, mimi nasubiri kwanza aondoke." Akanitazama mimi. "Hajasema anataka chumba. Angesema chumba, ningemwambia Paskalina amerudi."

Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililonipa shida. Nilianza kueleza kuhusu mfumo, kuhusu akina Baba Yohana wawili, mpaka Mama Ema akanishika mkono na kuniambia nikae kwenye kigoda. Rehema aliingia chumbani. Alifunga mlango mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Alipotoka alielekea moja kwa moja kwenye banda, akihesabu kwa midomo.

"Kumi na tisa," alisema. "Hapo hamkudanganya. Mama, mimi ni Mwislamu, nikuambie mapema. Nguruwe akae kwake, mimi nikae kwangu. Ndoo yangu, sufuria zangu na jiko langu visichanganywe."

"Na mimi nasali rozari asubuhi kwa sauti," alisema Mama Ema. "Jua halijatoka. Padri amechoka kuniambia nipunguze."

"Saa hiyo nimeshaamka, mama. Nami nasali."

"Basi tutaamshana."

Alihamia Ijumaa mchana, baada ya sala na baada ya shule. Mizigo yake ilikuwa godoro, sanduku la bati, jiko la mkaa, na madaftari ya darasa la nne yaliyofungwa kwa kamba. Mimi ndiye niliyeyabeba madaftari. Mama Ema alitaka kusaidia, tukamkatalia, akatufuata nyuma akituelekeza kwa kidole mahali pa kukanyaga katika uwanja wake mwenyewe.

Jumamosi nilikwenda pia. Hakuna aliyeniita, ila sikuweza kukaa nyumbani. Ema alifika karibu saa tano, mwanaume mnene mwenye sura ya upole na uchovu wa safari, katika gari dogo la mizigo alilokodi pamoja na dereva. Mama yake alikuwa amekaa kizingitini akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, mama. Umeshafunga vitu?" aliita tangu getini.

"Marahaba. Punguza sauti, Ema. Ndani kuna mwalimu, anasahihisha."

Ema alisimama. Aliona pazia jipya dirishani. Akaona ndoo ngeni kwenye ngazi, na kanga iliyoanikwa ambayo haikuwa ya mama yake. Nilijitambulisha nikamweleza kwamba chumba kimepangwa tangu jana, na kwamba kuchelewa kwake ni kosa langu, si la mama. Sidhani kama alinisikia. Alikuwa akimtazama Rehema, aliyekuwa ametoka na kalamu nyekundu mkononi.

"Dada," alisema Ema, "mama huyu ameanguka mwezi uliopita, akakaa chini saa nzima. Unaelewa? Ninahitaji mtu wa kumwangalia."

"Shikamoo, kaka. Nisikudanganye. Nimekuja kupanga chumba, sikuja kulea mtu. Mchana niko shuleni." Rehema aligeuza kalamu vidoleni. "Lakini rozari yake naisikia ukutani. Asubuhi nisipoisikia, nitagonga. Nisipojibiwa, nitaingia."

Ema alikaa kizingitini kando ya mama yake. Alichukua gunzi, akaanza kupukuchua, akashindwa kuendelea. Dereva aliuliza kutoka garini kama waanze kupakia. Ema akamwashiria asubiri, naye akazima injini akateremka kutafuta kivuli.

"Nimenunua na kufuli, mama," Ema alisema hatimaye. Alitoa mfukoni kufuli kubwa la shaba, bado liko ndani ya karatasi ya duka. "La mlango mkubwa. Nilitaka lisivunjwe na mtu."

Mama Ema alilipokea, akalipima uzito kwa mkono wake mzima.

"La mwalimu limeshika kutu," alisema. "Mpe hili."

Ema alilichukua tena, akaliondoa kwenye karatasi na kumpa Rehema, pamoja na funguo zake mbili. Rehema alichukua ufunguo mmoja akautia kwenye kamba ya kitambulisho chake cha shule. Wa pili akamwekea Mama Ema kiganjani, akamkunja vidole juu yake, akarudi ndani kumalizia madaftari.